Kabati na Viungo Vyake: Historia ya Istilahi za Useremala wa Jikoni katika Kiswahili

Utangulizi

Katika mijadala ya ukuzaji wa istilahi za Kiswahili, macho ya wataalamu yameelekea zaidi kwenye sayansi, sheria na utawala. Vyombo vya nyumbani vimeachwa nyuma, kana kwamba majina yake hayana historia inayostahili kuchunguzwa. Matokeo yake yanaonekana darasani. Mwanafunzi akiombwa kutaja sehemu za kabati la jikoni, atataja droo, shelfu, hinji na hendeli, kisha atanyamaza. Kutokana na orodha hiyo fupi huchotwa rai mbili. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutajia kabati kwa kuwa kabati si chombo cha Waswahili. Ya pili, ambayo ni tawi la ile ya kwanza, ni kwamba maneno hayo hayana budi kubuniwa upya katika ofisi za wanaistilahi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba rai zote mbili zinapuuza ushahidi wa historia. Kabati la milango lilipoingia katika nyumba za Afrika Mashariki halikukuta lugha tupu. Lilikuta lugha iliyokwisha kuyapa majina matundu ya ukutani, masanduku, milango, makomeo na maungio ya mbao, na kila kiungo cha kabati kilipata jina kutoka katika mojawapo ya vitu hivyo vya kale. Upungufu unaoonekana leo haukutokana na umaskini wa lugha. Ulitokana na mapito ya ufundi wenyewe, yaani mahali ulipofundishwa, lugha iliyotumiwa kuufundisha, na watu walioachiwa kuandika kamusi.

Kidaka, shubaka na susu

Namna ya kale kabisa ya kuhifadhi vyombo ndani ya nyumba za mawe za pwani haikuhitaji seremala. Ilikuwa kazi ya mwashi. Katika nyumba za karne ya 18 za Lamu, Pate, Siyu na Shela, kuta za vyumba vya ndani zilipambwa kwa safu za matundu ya mraba yaliyochongwa katika lipu ya chokaa. Matundu hayo huitwa vidaka, au zidaka kwa Kiamu. Usam Ghaidan katika utafiti wake wa mji wa Lamu uliochapishwa mwaka 1975, na James de Vere Allen pamoja na Thomas Wilson katika kazi yao ya mwaka 1979, walieleza kwa kirefu nafasi ya vidaka katika mpango wa nyumba hizo. Ndani yake viliwekwa vyombo vya kauri vilivyotoka China na nchi nyingine za mashariki, pamoja na vitu vingine vya thamani. Kwa hiyo kidaka kilikuwa mahali pa kuhifadhi na pia mahali pa kuonyesha heshima ya mwenye nyumba. Ndiyo sababu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha katika Al-Inkishafi jinsi fahari ya Pate ilivyotoweka, hakusahau kuyataja madaka yaliyokuwa ya vyombo na ambayo ndege wameyafanya makao.

Sambamba na kidaka lipo neno shubaka. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya dirisha, hasa dirisha la kimiani. Katika Kiswahili maana imehama. Shubaka ni tundu la ukutani lisilopenya upande wa pili, ambamo huwekwa taa au chombo kidogo, ingawa maana ya tundu la kuchungulia nayo imebaki. Uhamaji huu wa maana kutoka uwazi hadi hifadhi unafaa kukumbukwa, kwa kuwa utaonekana tena katika historia ya neno kabati lenyewe.

Vidaka vilikuwa vya sebule na ndani. Jikoni mambo yalikuwa tofauti, na hasa katika nyumba za udongo na makuti ambazo ndizo zilizokuwa makazi ya watu wengi. Huko chakula kilihifadhiwa juu. Susu lilisukwa kwa kamba au ukindu na kuning'inizwa darini ili chakula kisifikiwe na panya, paka wala sisimizi. Uchaga ulijengwa kwa miti juu ya meko, na nafaka iliyowekwa humo ilikaushwa kwa joto na kulindwa na moshi dhidi ya wadudu. Kwa hivyo jiko la Mswahili lilikuwa na utaratibu kamili wa kuhifadhi kabla ya kuwa na kabati. Utaratibu huo ulitegemea ukuta, paa na moto, wala haukuhitaji mlango.

Neno rafu nalo ni la kale, na limetokana na Kiarabu raff. Humaanisha ubao uliolazwa ukutani au ndani ya chombo ili kuwekea vitu. Bahati mbaya imelipata neno hili. Katika karne ya 20 liliingia neno jingine lenye sura ileile kutoka katika Kiingereza, lenye maana ya mchezo wa nguvu usiofuata kanuni, na leo vijana wengi wakisikia rafu hukumbuka uwanja wa mpira kabla ya kukumbuka ubao wa vyombo. Yamkini mgongano huu wa maneno mawili ya sura moja ni miongoni mwa sababu zilizolipa neno shelfu nguvu ya kuenea.

Kasha, sanduku na bweta

Hatua ya pili ya historia hii ni ya chombo kinachobebeka. Hapa Kiswahili kina majina matatu yanayotofautiana kwa ukubwa na kwa asili. Sanduku ni la Kiarabu. Kasha na bweta ni ya Kireno, kutokana na caixa na boceta. Wareno walifika katika pwani hii mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593, na wakang'olewa humo mwaka 1698. Watawala walikwenda zao, lakini vyombo vya nyumbani vilibaki, navyo vikabaki na majina yake. Meza ni la Kireno. Parafujo, yaani msumari wenye mizunguko, ni la Kireno pia, na limesajiliwa katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939.

Kasha la pwani lilikuwa kubwa, la mbao ngumu, lililopambwa kwa misumari na mabamba ya shaba. Mengi yalifika kwa majahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba. Lilikuwa sehemu ya vyombo vya arusi na hazina ya nguo, vito na hati. Baadhi ya makasha hayo yalikuwa na visanduku vidogo vya kuvuta katika sehemu ya chini, na hapo ndipo palipo na asili ya wazo la chombo kinachofunguliwa kwa mbele na si kwa juu.

Tofauti hiyo ya mwelekeo ina maana kubwa katika historia ya istilahi. Kasha hufunguliwa kwa kuinua kifuniko. Kabati hufunguliwa kwa kuvuta mlango. Ndiyo maana neno kifuniko, ambalo ni la Kibantu na limenyambuliwa kutokana na kitenzi funika, halikuhamia kwenye kabati. Yaliyohama ni yale yaliyohusu kuunga na kufunga, yaani bawaba, kitasa, kufuli na ufunguo. Msamiati wa chombo hurithiwa kwa kufuata kazi ya kila kiungo. Sura ya nje ya chombo haina nguvu hiyo.

Asili ya neno kabati

Limezoeleka kuhesabiwa neno kabati kuwa limetoholewa kutoka katika neno la Kiingereza cupboard. Rai hii haiwezi kutupwa kwa wepesi, kwa kuwa maana zinalingana na Kiingereza kimekuwa na nguvu katika nchi hizi kwa muda mrefu. Hata hivyo yapo mambo yanayoifanya isitosheleze.

Kwanza ni sauti. Maneno ya Kiingereza yanayoishia kwa d yanapoingia katika Kiswahili hubaki na d hiyo na kuongezewa irabu, kama inavyoonekana katika kadi, rekodi, yadi na bodi. Neno bodi ni shahidi mwenye uzito wa pekee, kwa kuwa ndilo hilohilo lililomo katika sehemu ya pili ya neno la Kiingereza linalojadiliwa. Kwa kanuni hiyo lingetarajiwa neno kabadi. Si rahisi kueleza kwa nini d igeuke t katika neno hili moja.

Pili ni kuwapo kwa neno jingine lililo karibu zaidi. Katika Kigujarati, kabati huitwa kabāṭ. Irabu ya silabi ya pili ni a ndefu, na konsonanti ya mwisho ni t ya ncha ya ulimi iliyokunjwa. Neno hilo likiongezewa i ya mwisho ili kutimiza sharti la silabi wazi, huwa kabati bila badiliko jingine lolote la kueleza. Katika Kimarathi neno la ukoo huo ni kapāṭ, nalo lina maana mbili: mlango na kabati. Asili yake ni neno la Kisanskriti kapāṭa, yaani ubao wa mlango. Kwa hiyo katika lugha hizo za magharibi ya Bara Hindi chombo kilipata jina lake kutokana na mlango wake.

Tatu ni historia ya watu. Wafanyabiashara wa Kigujarati walikuwa wamejikita Zanzibar, Mombasa na Lamu muda mrefu kabla ya Uingereza kuifanya Zanzibar nchi ya himaya mwaka 1890 na kuitwaa Kenya ya baadaye mwaka 1895. Mtindo wa milango unaoitwa wa Kigujarati, wenye vibao vingi vidogo vya mraba, ungali unaonekana Zanzibar hadi leo. Watu walioleta milango hiyo na makasha ya Surat na Bombay hawangeshindwa kuleta pia chombo cha ukutani chenye milango, pamoja na jina lake.

Hoja hizi hazimalizi shauri. Inawezekana kabisa kwamba neno la Kigujarati lilitangulia na lile la Kiingereza likaja kulitia nguvu, kila kundi la wasemaji likilisikia kuwa ni lake. Jambo kama hilo hutokea mara nyingi katika miji ya bandari. Lakini hoja hizi zinatosha kuwaonya watunga kamusi wasiandike asili ya neno kwa kuangalia maana peke yake. Fundi wa Kihindi na fundi wa Kiswahili walikaa karakana moja, na aghalabu maneno ya karakana hupita mdomoni kabla hayajafika kwenye karatasi.

Inafaa pia kukumbuka kwamba hata neno la Kiingereza halikuanza kwa kutaja chombo chenye milango. Katika karne ya 14 lilitaja ubao au meza ya kuwekea vikombe, na maana ya chombo kilichofungwa ilipatikana baadaye, katika karne ya 16. Jina lilikaa na chombo kikabadilika. Anayedai kwamba Kiswahili hakiwezi kutumia neno la kale kwa chombo kipya angepaswa kwanza kuieleza historia hiyo.

Mlango na viungo vyake

Endapo kabati ni tundu la ukutani lililopata mlango, basi haishangazi kwamba viungo vyake vimebeba majina ya mlango. Mlango mkubwa wa nakshi wa pwani una msamiati wake: mwimo ni nguzo ya upande, kizingiti ni ubao wa chini au wa juu, na mfaa ni ubao wa kati uliopigiliwa kwenye upande mmoja ili kuziba mwanya panapokutana pande mbili. Mlango huo haukuzunguka kwa bawaba. Ulizunguka kwa vijiti vya ncha za juu na chini vilivyotumbukizwa katika matundu ya vizingiti.

Bawaba, basi, ni ya milango midogo, madirisha, makasha na makabati. Neno lenyewe ni la Kiarabu, bawwāba, na katika Kiarabu maana yake ni lango. Kiswahili kimeibana maana hiyo kutoka lango zima hadi chuma kinachoushika mlango. Kutokana na ukoo huohuo Kiswahili kina neno bawabu, yaani mlinzi wa mlango. Mwalimu akiyaweka maneno haya mawili ubaoni pamoja, mwanafunzi hatahitaji kukariri.

Kwa upande wa kufunga, lugha ina ngazi kadhaa. Komeo ni la Kibantu, kutokana na kitenzi komea, nalo hutaja kipande kinachosukumwa ili mlango usifunguke. Kiwi ni gogo au ubao unaokingamishwa nyuma ya mlango. Tumbuu ni pete ya chuma inayopokea mnyororo au kufuli. Kufuli ni la Kiarabu, na ufunguo umenyambuliwa kutokana na fungua. Kitasa ni chombo cha kufungia kilichomo ndani ya ubao wa mlango wenyewe. Katika kabati la jikoni la leo si vyote vinavyohitajika, lakini komeo dogo, kitasa na ufunguo vimo katika makabati mengi ya vyombo, hasa katika nyumba ambazo sukari na majani ya chai havina budi kufungiwa.

Mfaa nao una kazi ya kufanya. Makabati mengi ya milango miwili huwa na ubao mwembamba unaoziba mwanya wa kati. Kazi yake ni ileile ya mfaa wa mlango wa Lamu, tofauti ikiwa ni ya ukubwa. Mafundi wengi wa siku hizi huueleza ubao huo kwa maneno mengi, ilhali jina lake lipo.

Mtoto wa meza, saraka na droo

Sehemu inayovutwa ina majina matatu, na kila moja lina hadhi yake. Mtoto wa meza ni jina la kimaelezo. Limeunganisha neno la Kibantu na lile la Kireno, na limefuata tabia ya Kiswahili ya kukiita mtoto kitu kinachokaa ndani ya kingine au kukitegemea, kama inavyoonekana katika mtoto wa jicho. Uzuri wake ni kwamba linaeleweka mara moja likisikiwa mahali pake. Udhaifu wake uko katika mambo mawili. Limefungwa kwenye meza, hata fundi anayetengeneza kabati hana budi kusema mtoto wa meza ilhali meza haipo, au kuunda jina jipya la mtoto wa kabati. Tena limebaki katika ngeli ya watu, na wingi wake ni watoto, jambo linaloleta utata sentensi inapokuwa ndefu.

Saraka ni neno fupi, halina utata wa ngeli, na halijafungwa kwenye chombo kimoja. Kwa muda mrefu lilibaki zaidi katika kamusi kuliko katika karakana. Katika miongo ya hivi karibuni limepata kazi mpya: katika istilahi za kompyuta, saraka hutaja mahali panapowekwa mafaili kwa mpangilio. Hapa pana kisa cha kuwafundisha wanaistilahi unyenyekevu. Neno la useremala ambalo maseremala wengi hawalitumii limepata uhai katika mashine ambayo maseremala hawakuitengeneza.

Droo ndilo jina lililoshinda katika mazungumzo ya Kenya. Limetoholewa vizuri, linafuata silabi wazi, na limekaa katika ngeli ya i-zi bila taabu. Hakuna sababu ya kisarufi ya kulikataa. Kasha lilipoingia kutoka kwa Wareno lilikuwa geni kama droo lilivyo leo, wala hapana anayetaka kulifukuza sasa.

Karakana, reli na shule ya ufundi

Swali linalobaki ni la kihistoria. Kama maneno yalikuwapo, kwa nini fundi wa leo hana habari na mengi kati yake? Jibu linapatikana katika mapito ya ufundi wenyewe.

Useremala wa pwani ulirithishwa kwa uanagenzi. Siyu na Lamu zilisifika kwa mafundi wa milango, vitanda na viti vya enzi, na mwanagenzi alijifunza jina la kiungo siku ileile aliyojifunza kukitengeneza. Msamiati huo ulikuwa umechangamana tangu zamani. Randa ni la Kiajemi na linatumika Bara Hindi pia. Gundi lina ukoo na neno la Kihindi. Ulimi, kwa maana ya ncha ya ubao inayotumbukizwa katika tundu la ubao mwingine, ni neno la mwili lililopelekwa kazini. Na msasa lilikuwa jina la mti wenye majani ya kukwaruza kabla ya kuwa jina la karatasi ya dukani inayofanya kazi ya majani hayo.

Mabadiliko yalikuja kwa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa misheni. Katika miaka ya 1870 kituo cha Freretown karibu na Mombasa kilianza kuwafundisha useremala na kazi nyingine za mikono watu waliokombolewa kutoka utumwani. Ya pili ilikuwa reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, na miongoni mwao walikuwamo maseremala ambao baadhi yao walibaki katika miji mipya ya bara. Ya tatu ilikuwa shule ya serikali. Katika miaka ya 1920 kilianzishwa chuo cha mafunzo ya ufundi cha Waafrika huko Kabete, na humo vipimo vilikuwa vya inchi na vitabu vilikuwa vya Kiingereza.

Matokeo yake ni kwamba bara ilipokea useremala bila kupokea msamiati wa pwani. Kijana aliyesomea Kabete hakuwahi kukaa chini ya fundi wa Siyu. Alijifunza bawaba kwa jina la Kiingereza, akaitohoa kuwa hinji, na parafujo kwake ikawa skrubu. Alipokwenda dukani kununua vifaa, maandishi ya pakiti yalimthibitishia alichofundishwa. Hakuna kosa la kumlaumu. Alitumia lugha aliyopewa pamoja na kazi.

Jiko lenyewe nalo lilibadilika. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la Frankfurt nchini Ujerumani, ambamo makabati, rafu na meza ya kazi vilipangwa ukutani kwa vipimo maalumu ili kupunguza hatua za mpishi. Maelfu ya majiko hayo yaliwekwa katika nyumba za mpango ulioongozwa na Ernst May. May huyohuyo alihamia Afrika Mashariki mwaka 1934, akalima Tanganyika, kisha akafanya kazi ya usanifu wa majengo akiwa Nairobi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Safari yake yaonyesha jinsi njia za mawazo zilivyokuwa fupi. Jiko la makabati ya ukutani ambalo leo limo katika nyumba nyingi za Nairobi, Mombasa na Kisumu ni la ukoo wa jiko hilo la karne ya 20, na kwa Ulaya yenyewe lilikuwa jambo jipya.

Leo mafundi wa Gikomba na wale wa kando ya barabara ya Ngong huko Nairobi hutengeneza makabati hayo kila siku. Bawaba wanazotumia aghalabu ni zile za kujificha, ambazo kikombe chake hutumbukizwa katika tundu la milimita 35 lililotobolewa nyuma ya mlango. Kifaa ni kipya, lakini kazi yake ni ileile ya kuushika mlango na kuuacha uzunguke. Jina bawaba linakitosha. Kinachohitajika ni sifa tu ya kukitofautisha na aina nyingine, kama vile bawaba ya kikombe au bawaba ya kujificha.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inatoa mafunzo matatu kwa wanaistilahi na walimu wa lugha.

La kwanza ni kwamba kukusanya kunapaswa kutangulia kubuni. Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyotoa kamusi yake mwaka 1981, na vyama vya Kiswahili vya Kenya vimefanya kazi kubwa ya kuunda maneno. Lakini neno lililoundwa ofisini wakati lingine la kazi hiyohiyo likiishi Lamu au Pemba ni hasara mbili kwa pamoja: neno jipya halina wasemaji, na neno la zamani linapoteza nafasi yake ya mwisho ya kusikika. Mafundi waliorithi msamiati wa pwani kwa uanagenzi ni wazee, na hakuna kamusi inayoweza kumhoji fundi aliyekwisha kufa.

La pili ni kwamba asili ya neno haiwezi kuwa kipimo cha uhalali wake. Katika kabati moja dogo la jikoni, mguu na ufunguo ni vya Kibantu, rafu, bawaba na kufuli ni vya Kiarabu, parafujo ni ya Kireno, gundi ni ya Kihindi, droo ni ya Kiingereza, na kabati lenyewe yamkini ni la Kigujarati. Akitakiwa msemaji aondoe kila kilicho kigeni, kabati litaanguka.

La tatu ni la darasani. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa elimu wa Kenya ulioanza mwaka 1985, mamilioni ya wanafunzi wamefundishwa majina ya vitu kwa orodha. Orodha inayoweka bawaba mahali pa hinji bila maelezo humfanya mwanafunzi aone Kiswahili cha shuleni kuwa lugha ya mtihani, na kile cha karakana kuwa lugha ya kazi. Afadhali afundishwe kwamba hinji na bawaba ni majina ya kitu kimoja yaliyopita njia mbili, moja ya Kabete na nyingine ya Siyu, na kwamba yeye ni mrithi wa njia zote mbili. Akijua hivyo, hatahitaji kuambiwa achague neno lipi. Atajua kila moja litumike wapi na mbele ya nani, na fundi atakapomwambia kwamba hinji ya kabati imelegea, atamwelewa bila kumsahihisha.